Kukalia Kiti cha Bodi ya Wadhamini: Mwongozo kwa Mwenyekiti Mpya wa Shirika la Hisani Mombasa

Watu wa Mombasa humwomba mtu awe mwenyekiti kwa heshima yake. Ni mwalimu mstaafu, au alifanya kazi bandarini miaka 30 bila doa, au ni mama ambaye mtaa mzima humwendea kwa ushauri. Anaitwa, anasifiwa, anakabidhiwa kiti, na hakuna anayemweleza kiti hicho kina kazi gani. Wiki ya pili analetewa hundi atie saini.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yake. Nilikuwa mdhamini wa kawaida miaka 4, kisha mwenyekiti miaka 6, katika shirika dogo linalolipia watoto karo na kuendesha chekechea upande wa Likoni. Nilichojifunza ni kwamba kazi kubwa ya mwenyekiti hufanyika kabla watu hawajaketi na baada ya wao kuondoka. Kikao chenyewe ni saa mbili tu.

Kabla ya kusema ndiyo, omba makaratasi

Omba hati ya udhamini au katiba, cheti cha usajili, kumbukumbu za vikao vitatu vya mwisho, hesabu za mwaka uliopita, taarifa ya benki ya mwezi uliopita, na orodha ya mali. Ukiambiwa "yako kwa fulani, tutakutafutia", subiri yapatikane ndipo ujibu. Huko si kukosa adabu. Ukishakubali, yaliyomo yatakuwa juu yako hata kama hukuyasoma.

Hati isome ukiwa na kalamu. Tafuta kwanza lengo la shirika kama lilivyoandikwa, usitegemee linavyosimuliwa. Hati ikisema pesa ni za elimu ya mayatima wa Mombasa, bodi haina ruhusa ya kuchimbia kisima Kwale, hata kama kisima ni kheri na kila mtu ameridhia. Kisha tazama idadi ya wadhamini, muda wa kuhudumu, nani huwateua, nani hutia saini benki, na akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kufika ili kikao kiwe halali, ni watu wangapi.

Akidi ilitufundisha adabu. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa wadhamini 7, na hati ilitaka wafike wasiopungua 4. Jumamosi moja tukafika watatu. Wa nne alikuwa amekwama upande wa pili wa kivuko, tukampigia simu, tukaiweka mezani sauti juu. Tukapitisha kandarasi ya kuezeka paa la chekechea. Miezi miwili baadaye mdhamini ambaye hakuwapo siku hiyo akauliza: hati yetu inasema wapi kwamba aliye kwenye simu amehudhuria? Haikusema popote. Ikabidi tuitishe kikao kingine kuidhinisha kazi ambayo mabati yake yalikwisha pigiliwa misumari. Fundi alikuwa mwaminifu na bei ilikuwa ya haki, lakini pesa ya watu ilitoka bila idhini. Mwaka huo huo tuliirekebisha hati, tukaongeza kifungu cha kuhudhuria kwa simu au video. Tazama kama yenu inacho.

Ujue pia shirika lenu limesimama juu ya sheria gani, maana wengi huzichanganya. Wadhamini waliosajiliwa chini ya Sura ya 164 ya sheria za Kenya huwa chombo kimoja chenye lakiri yake, yaani muhuri wake rasmi. Mali huandikwa kwa jina la chombo hicho, na mdhamini akifariki haiingii katika mirathi yake. Lililokuwa NGO sasa linatazamwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, ambayo ilikaa zaidi ya miaka 10 bila kutekelezwa mpaka ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Vikundi vya mtaani vina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mali iliyowekwa wakfu ina mlango wake, Tume ya Wakfu, ambayo ofisi yake iko hapa hapa Mombasa. Shirika moja laweza kuguswa na zaidi ya sheria moja, kwa hiyo nunua saa moja ya wakili, umuulize, na majibu yaandikwe.

Mali nenda ukaione kwa macho. Mji huu una nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba siye mwenye ardhi. Shirika laweza kuachiwa nyumba ya vyumba sita Majengo, kila mtu akafurahi, kumbe lililopewa ni kuta na paa. Ardhi ina mwenyewe, naye anadai kodi yake. Uliza risiti ya mwisho ya kodi hiyo ni ya lini.

Kiti hakina amri yake

Uamuzi ni wa bodi ikiwa imekaa. Kati ya kikao na kikao, mwenyekiti ana mamlaka yale tu aliyopewa na hati au na azimio lililoandikwa. Katika mji ambao watu wanajuana hili ni gumu kuliko linavyosikika. Utakuwa umeketi barazani baada ya Magharibi, kikombe cha kahawa mkononi, aje mzee wa umri wa babako.

"Mwanangu, mjukuu wangu karudishwa nyumbani kwa karo. Nawe ndiwe mwenyekiti."

Jibu la haraka ni "nitaangalia", na kwake hiyo ni ahadi. Mimi humjibu: "Mzee wangu, maombi hupokewa ofisini Jumanne na Alhamisi, na yote husomwa pamoja. Nampigia karani sasa hivi akusaidie kujaza fomu. Kuamua, siamui peke yangu." Kisha nampigia karani pale pale, mzee akisikia. Sijajuta hata siku moja kusema hivyo. "Nitaangalia" nimeijutia mara mbili.

Wiki mbili kabla ya kikao

Keti na katibu na meneja, mwandike ajenda. Kila jambo liandikeni kama swali. Ukiandika "Chekechea", kila mtu atakuja na hadithi yake kuhusu chekechea. Ukiandika "Je, tufungue darasa la tatu Januari, na mshahara wa mwalimu utoke wapi?", watakuja wamelifikiria. Onyesha lipi ni la kuamuliwa na lipi ni la kujulishwa tu. Lenye uzito liwe la kwanza baada ya kumbukumbu na yatokanayo, kwa sababu ikipita saa moja na nusu wa Likoni huanza kukifikiria kivuko na wengine huanza kusikilizia adhana.

Makaratasi yawafikie wadhamini siku 7 kabla. Wengi hutosheka na WhatsApp. Kwetu wawili hawasomi kwenye simu, na karani huwapelekea bahasha nyumbani. Gharama ni nauli ya tuktuk, na faida yake ni kwamba hao wawili ndio huja wamesoma kuliko sote.

Tarehe za mwaka mzima zipangeni Januari, vikao visipungue vinne. Ijumaa iacheni. Kama bodi ina Wakristo, iacheni na Jumapili asubuhi. Ramadhani sisi huketi saa tatu asubuhi, kabla watu hawajachoka.

Siku tatu kabla, wapigie simu wadhamini wawili watatu. Usiwaombe kura. Waulize nini kinawakera katika yale makaratasi. Ukijua mapema kwamba mama fulani ana wasiwasi na kodi ya ofisi, utalitengea jambo hilo muda wake.

Ndani ya kikao

Akidi ikitimia, fungua kwa saa iliyoandikwa, na katibu aandike saa hiyo. Uliza kama kuna mwenye maslahi katika jambo lolote la leo. Pitisheni kumbukumbu za kikao kilichopita, mpitie yatokanayo kwa ufupi, muingie kwenye lililowaleta.

Kazi yako hapa ni kulizungusha neno. Bodi zetu zina heshima ya umri, na heshima hiyo ni nzuri, ila ina gharama. Mzee akishasema, vijana huitikia. Mdhamini wetu mmoja, binti mhasibu, alikaa mwaka mzima akisema "nakubaliana na wazee". Siku moja nikaamua kuanza kuuliza kutoka upande wa mlangoni, alikokuwa ameketi yeye. Akafungua daftari lake, akasema mkataba wa pango la ofisi unaisha Machi, na katika bajeti tuliyokuwa karibu kuipitisha hakuna nyongeza ya kodi wala pesa ya kuhamia kwingine. Chumba kikanyamaza. Alikuwa ameliandika jambo hilo tangu kikao cha nyuma, akingoja aulizwe. Tangu siku hiyo mdogo husema kwanza, na mimi husema mwisho. Wazee hawakuudhika, mmoja aliniambia sasa anapumzika, kwa sababu akifikiwa yeye mengi yamekwisha semwa.

Ukimya usiuhesabu kuwa ni kukubali. Watu wa Pwani hatupendi kuinua mkono dhidi ya mtu mzima mbele za watu, kwa hiyo kura ya mikono hudanganya. Zunguka jina kwa jina: "Maalim, wewe waonaje? Bi Mkubwa?" Asiyeridhika akitaka jina lake liandikwe pamoja na sababu yake, liandikwe, bila kumnunia. Kura zikilingana, tazama hati kwanza kama inakupa kura ya kuamua. Hata ikikupa, jambo lililowagawa watu nusu kwa nusu ni bora lirudi kikao kijacho na maelezo zaidi, isipokuwa kuna tarehe isiyongoja.

Kabla ya kuliacha jambo, litamke azimio kwa sauti: tumeamua nini, nani atalifanya, kufikia tarehe gani. Katibu aandike, kisha asome alichoandika. Hizo ni dakika mbili, nazo huokoa ugomvi wa miezi. Na kabla ya dua ya kufunga, wakumbushe wenzako kwamba majina ya familia zilizosaidiwa hayatoki nje ya mlango ule. Mtu aliyekuja kuomba unga alikuja na sitara yake, na ni juu yetu kuilinda.

Rasimu ya kumbukumbu iwe tayari ndani ya wiki moja, watu wakiwa bado wanakumbuka. Katikati ya kikao na kikao mpigie kila aliyepewa kazi, mara moja, umuulize amefika wapi.

Pesa

Hapa ndipo wenyeviti wazuri huanguka, nami niliwahi kujikwaa. Mwaka wa tatu nilisafiri kwenda Umra wiki tatu. Ili ofisi isikwame, nikatia saini hundi 5 tupu, nikamwachia meneja. Niliporudi zote zilikuwa zimetumika. Nne zilikuwa na risiti zake. Ya tano, ya shilingi 48,000, ilikuwa ya vifaa, na risiti yake haijapatikana hadi leo. Sikuwa na neno la kumwambia mtu, maana saini ilikuwa yangu. Nilizirudisha pesa hizo kutoka mfukoni mwangu, nikalieleza jambo lote mbele ya bodi, nikaomba liandikwe. Halafu tukaongeza mtia saini wa tatu, ili akisafiri mmoja wabaki wawili. Usitie saini hundi tupu, hata kwa ndugu yako wa tumbo moja.

Taratibu ambazo naona bodi yoyote, hata ya mtaa mmoja, haina udhuru wa kuzikosa ni hizi. Watia saini wawe watatu na kila malipo yahitaji wawili, wasiwe mtu na mkewe wala mtu na nduguye. Taarifa ya benki imfikie mhazini na mwenyekiti moja kwa moja kutoka benki, isipitie mikononi mwa anayelipa. Michango ya M-Pesa iingie kwenye paybill, yaani namba ya kupokelea malipo, ya jina la shirika. Ikiingia kwenye namba ya mtu binafsi itachanganyika na pesa zake za mandazi, na hata awe walii hataweza kuzitenganisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala huhitaji uhasibu ili kuisoma taarifa ya benki. Mimi huketi nayo kila mwanzo wa mwezi na kalamu nyekundu, daftari la malipo pembeni. Nalinganisha salio la mwisho na la daftari. Naweka alama kwenye malipo matano makubwa na kudai vocha zake. Kisha natafuta jina linalojirudia. Mara moja niliona duka moja la vifaa vya ofisi mara nne katika mwezi mmoja, kila mara kiasi kilicho chini kidogo ya kile kinachohitaji idhini ya bodi. Ulikuwa ununuzi mmoja uliogawanywa ili kuharakisha. Hakuna aliyeiba, lakini mlango ulikuwa wazi, tukaufunga kwa azimio: jumla ya malipo kwa muuzaji mmoja kwa mwezi ndiyo itakayotazamwa.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni mifuko. Pesa za shirika si chungu kimoja. Zaka ina makundi yake 8 yaliyotajwa katika Qur'ani, na bodi haina ruhusa ya kuipeleka popote inapohitajika. Pesa ya mfadhili iliyotolewa kwa vitabu ni ya vitabu. Sadaka ya jumla ndiyo yenye nafasi ya kulipa umeme. Kila mfuko uwe na ukurasa wake katika daftari, na ikiwezekana akaunti yake, na mhazini asome salio la kila mmoja katika kila kikao. Kuazima kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine "tutarudisha mwezi ujao" ndiko kulikozamisha mashirika yenye watu wema.

Zaka ya fitri ina haraka yake peke yake: hutakiwa iwafikie wanaostahiki kabla ya swala ya Idi. Kama shirika lenu huikusanya, bodi iamue mapema katika mwezi wa Ramadhani nani atanunua chakula, wapi, na orodha ya familia iwe imehakikiwa. Usiku wa kuandama kwa mwezi michango humiminika kwenye simu mpaka saa sita. Sisi huwa na watu wawili wanaokesha wakihesabu, na gari la mchele linakwenda mitaani kabla ya alfajiri. Asubuhi ya Idi naomba nionyeshwe salio la mfuko huo. Linatakiwa kuwa sufuri.

Mhazini asipokuja na taarifa iliyoandikwa, ahirisha maamuzi yote ya matumizi siku hiyo. Fanya hivyo mara moja, hutahitaji kulirudia.

Undugu na maslahi

Katika mji wa koo zinazooana, mdhamini kuwa na jamaa anayeuza kitu ambacho shirika linanunua si aibu. Aibu ni kuficha. Kila Januari kila mdhamini ajaze karatasi: biashara zake, za mke au mume, za watoto na ndugu wa karibu. Jambo likifika mezani, mwenye maslahi aseme, atoke nje ya chumba, wengine waamue, na yote matatu yaandikwe. Mkwe wa mdhamini wetu hushona sare. Tulipata bei kutoka kwa mafundi watatu, yeye akawa wa chini, naye mdhamini alikuwa barazani nje akinywa kahawa tulipoamua. Watu walipoanza kunong'ona, katibu aliufungua ukurasa huo akawasomea.

Nauli na gharama halisi mdhamini arudishiwe kwa risiti. Posho za kukaa tu kikaoni, mimi sizikubali katika shirika linaloishi kwa sadaka.

Meneja, na aliyelianzisha

Meneja ana bodi nzima kama mwajiri wake, lakini anahitaji mtu mmoja wa kumsikiliza, na huyo ni wewe. Kutaneni mara moja kila wiki mbili, nusu saa. Muulize linalomlemea kabla ya kumuuliza asilolifanya. Usimchagulie rangi ya ukuta wala fundi wa bomba. Ukianza kuendesha ofisi, nani atabaki wa kuikagua?

Aliyelianzisha shirika akiwa bado yumo, mheshimu waziwazi na umwekee mipaka faraghani. Alitoa sebule yake, alikopa, alilia. Ni vigumu kwake kuelewa kwamba mali si yake tena. Nenda kwake nyumbani, usimsubiri kikaoni. Mweleze kwamba njia ya kazi yake kuishi baada yake ni watu wengine kuweza kuamua akiwa hayupo. Kwetu ilichukua ziara nne.

Tarehe zisizongoja

Ziandikwe ukutani. Kodi ya mishahara, PAYE, hupelekwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa mwaka wa hesabu unaoishia Desemba, ripoti ya kodi hupelekwa kufikia tarehe 30 Juni, na shirika lililosamehewa kodi ya mapato halikusamehewa kupeleka ripoti. Ripoti ya mwaka iende kwa msajili wenu, na mabadiliko ya wadhamini yaarifiwe yanapotokea. Mkaguzi wa hesabu ateuliwe na bodi, siyo na meneja. Na kabla ya kubandika picha ya mtoto mtandaoni kuonyesha wafadhili, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Watoto ya 2022. Ruhusa ya mzazi iwe imeandikwa, na hata ikiwapo, jiulize kama ungependa mwanao aonekane hivyo.

Kuachia kiti

Anza kumwandaa wa baada yako mwaka mmoja kabla. Mpe aongoze kikao kimoja ukiwa umeketi pembeni, kisha kingine ukiwa hupo. Siku ya makabidhiano orodhesheni mnachokabidhiana, kitu kwa kitu: hati asili, cheti, lakiri, kitabu cha kumbukumbu, funguo za kabati, nywila za eCitizen (mtandao wa huduma za serikali) na za KRA, namba ya paybill na majina ya wanaoiendesha, mikataba iliyo hai na tarehe zinapoisha. Wote wawili mtie saini, na shahidi mmoja.

Halafu nendeni pamoja benki na azimio la bodi, jina lako litolewe kwenye orodha ya watia saini na lake liingizwe. Usiridhike na "tutashughulikia". Rudi baada ya wiki moja, uombe barua inayothibitisha kwamba jina lako limeondoka, na nakala yake umpelekee katibu aiweke kwenye faili.